Uzi: Kanazawa kwa miguu, mitaa ya kale ya Japani iliyojengwa na matajiri wenye wasiwasi

Mpita_Vichochoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila uzi wa Japani ukifika ukurasa wa pili lazima mtu aulize mitaa ya kizamani anaipata wapi, na jibu huwa moja: Kyoto, nenda Gion, piga picha, rudi. Sina ugomvi na Kyoto. Ila mimi kazi imeniweka upande wa Nagoya, na wageni wangu wakija nawapeleka Kanazawa. Tunatembea kwa miguu, na siku hizi namwomba mwenyeji ndiye atutembeze. Sababu mtaiona mbele.

Kanazawa ni makao makuu ya mkoa wa Ishikawa, upande wa Bahari ya Japani. Maeda Toshiie aliingia kwenye ngome ya pale mwaka 1583, na ukoo wake ukaushika mji hadi tawala za mabwana zilipofutwa mwaka 1871. Enzi hizo utajiri wa bwana ulipimwa kwa mchele. Kipimo chake kiliitwa koku, takriban kilo 150, ambacho kilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Maeda walikuwa na zaidi ya koku milioni moja. Ukiwatoa Tokugawa wenyewe, yaani ukoo wa shogun aliyeitawala nchi nzima kutoka Edo (ndiyo Tokyo ya leo), hakuna bwana aliyewafikia.

Sasa jiweke pale. Wewe ni wa pili kwa mali nchini, na wa kwanza ana jeshi na amekukazia macho. Mwaka 1600 Matsu, mjane wa Toshiie, alikwenda Edo kukaa kama rehani ili ukoo wake usishambuliwe. Alikaa huko miaka kumi na minne. Mwanawe wa kambo Toshitsune, aliyekuja kuwa bwana wa tatu, aliozwa binti wa Hidetada, shogun wa pili, na bibi harusi mwenyewe aliletwa Kanazawa akiwa mtoto wa miaka mitatu. Husimuliwa pia kwamba huyo Toshitsune alikuwa akiziacha nywele za puani ziote mpaka zichungulie nje, mbele za watu, ili Edo wamwone zuzu asiye na madhara. Hiyo ya nywele ichukueni kama hadithi, lakini wenyeji wanaipenda kweli.

Fedha ambazo bwana mwingine angenunulia bunduki, Maeda walizimwaga kwenye vyombo vya chai, hariri, maigizo ya Noh, dhahabu na bustani. Ilikuwa ni njia ya kuwaambia wa Edo: tazameni, sisi tuna starehe zetu, hatuna habari na vita. Na huku chini kwa chini wanaupanga mji wao kama watu wanaotegemea kuvamiwa usiku wowote. Hilo ndilo neno langu katika uzi huu. Kila kitu kizuri utakachoonyeshwa Kanazawa kina wasiwasi nyuma yake. Ukilijua hilo mitaa inaanza kusomeka. Usipolijua, utaona nyumba za mbao na maduka ya aiskrimu.

Tena mji haukupigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo tunachokwenda kukiona kipo, hakikujengwa upya kwa ajili ya watalii.

Naendelea hapo chini, msichangie kwanza.

Kaka_wa_Tabata

Umesema tusichangie, ndiyo maana nachangia. Nimeweka kiti mstari wa mbele mkuu. Huyo jamaa wa nywele za puani ni genius.

Mpita_Vichochoro

Haya, tutembee.

Tuanzie soko la Omicho, robo saa hivi kwa miguu kutoka kituo cha treni. Soko lina karibu miaka 300. Kuanzia tarehe 6 Novemba msimu wa kaa unafunguliwa na bei zinakuwa za kukutoa machozi. Kuleni, pigeni picha, tuondoke, maana soko si sababu ya safari.

Kutoka sokoni unakwenda hadi hekalu dogo la Kubo-ichi. Ukizunguka nyuma yake unakuta ngazi za mawe zinazoteremka kwenye kivuli hata mchana wa jua kali. Panaitwa Kuragari-zaka, mteremko wa giza. Bibi aliyetutembeza alisimama pale juu akaanza kucheka peke yake kabla hata hajasema neno. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakipitia hapo jioni kwenda kwenye nyumba za starehe chini mtoni bila majirani kuwaona. Wanaingia hekaluni kama wanaokwenda kusali, wanatokea nyuma.

Chini ya ngazi ni Kazuemachi. Ni safu ya nyumba za mbao zimeutazama mto Asanogawa, na nyuma yake vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja inabidi ageuke ubavu. Mto huu wenyeji wanauita mto wa kike kwa sababu ya upole wake, na ule wa pili, Saigawa, wanauita wa kiume. Mimi Kazuemachi ndiyo naipenda kuliko yote. Hakuna maduka mengi, jioni unasikia maji, na ukibahatika unasikia mtu anajifunza kupiga shamisen, ala yao ya nyuzi tatu, ghorofani.

Unavuka daraja, unaingia Higashi Chaya. Huu ndio mtaa ulio kwenye kila kadi na kila kalenda.

Mwaka 1820 utawala wa Maeda uliamua kuzikusanya nyumba za chai zilizokuwa zimetapakaa mjini na kuziweka sehemu mbili: Higashi, ng'ambo ya mto huu, na Nishi, ng'ambo ya mto ule. Angalieni ramani. Zote mbili ziko nje ya mito, mbali na ngome. Starehe iliruhusiwa, lakini mahali ambapo serikali inajua nani kaingia na nani katoka.

Kuna mambo ambayo bila kuambiwa usingeyaona. La kwanza, ghorofa. Wakati ule mtu wa kawaida wa mjini hakuruhusiwa kujenga ghorofa ya juu yenye kimo cha maana, asije akaketi juu akamwangalia samurai anayepita chini. Nyumba za chai zilipewa ruhusa, na vyumba vya wageni vikawekwa juu. Ndiyo maana mtaa huu una kimo kuliko mitaa mingine ya zamani. La pili ni zile fito nyembamba za mbao zilizopangwa wima mbele ya kila nyumba. Zimechongwa zikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, hivyo aliye ndani anakuona vizuri na wewe wa nje humwoni. Bibi alitusimamisha nje tutazame, kisha akatuingiza ndani tutazame tena. Ni kitu kidogo, lakini hapo ndipo wageni wangu walipoacha simu na kuanza kuuliza maswali.

Nyumba iitwayo Shima iko vilevile tangu 1820 na unaweza kuingia kwa kiingilio. Kuta nyekundu, mbao nyeusi, ala za muziki, vitana na vibanio vya nywele. Juu hakuna kabati hata moja, maana vyumba vile vilikuwa vya ngoma na muziki tu, hakuna aliyelala pale wala kuhifadhi kitu.

Halafu juu ya milango mtaona mahindi. Naam, gunzi zima la hindi na maganda yake, limefungwa na kutundikwa mlangoni. Yanatoka hekalu la Kannon-in lililo mlimani nyuma ya mtaa. Kila mwaka wakati wa kiangazi kuna siku ambayo ukienda kusali inahesabiwa kama umesali siku 46,000, na watu wanarudi na hindi la baraka la kulinda nyumba na kuleta biashara. Linabaki mlangoni mpaka mwaka unaofuata.

Mama_Ngano

Hindi la kuchoma nalijua. Hindi la mlangoni ndiyo leo.

Binti_Kisauni

Asante kaka kwa uzi, nasoma kutoka Mombasa. Swali: hizi nyumba za chai, ni chai kweli? Maana umesema wanaume walikuwa wanapita gizani wasionekane. Mtu hafichi kwenda kunywa chai.

Shangazi_Osaka

Mwanangu Kisauni, umeuliza swali ambalo watalii wengi hawaulizi. Niko nchi hii muda mrefu, nijibu mimi.

Geisha ni msanii. Anacheza, anaimba, anapiga shamisen, anaongoza mazungumzo. Hilo ni kweli na lisibezwe. Lakini mitaa kama Higashi ilikuwa pia mitaa yenye kibali cha biashara ya wanawake, na watu wa pale waliiita kwa jina la eneo lililozungushiwa uzio. Mabinti wengi waliletwa wakiwa wadogo na familia maskini kwa mkataba wa deni. Baba anapewa fedha, mtoto anabaki akifanya kazi kulipa, na deni linaongezeka kwa nguo, chakula na masomo ya ngoma. Serikali ya Maeda yenyewe iliufunga mtaa mwaka 1831, ikaufungua tena 1867. Ukahaba wa kibali ulikomeshwa nchini kwa sheria ya mwaka 1956. Geisha wa leo Kanazawa ni wachache, ni wanawake waliochagua kazi yenyewe, na wanashikilia sanaa ambayo ingekufa bila wao.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya zile fito nzuri, kumbuka pia kwamba waliokuwa nyuma yake wakichungulia nje, wengi hawakuwa na ruhusa ya kutoka.

Mpita_Vichochoro

Shangazi umeniongezea kitu. Nitoe na ushahidi: bibi yetu pale Shima alipofika kwenye chumba cha vitana alinyamaza, akasema tu kwamba wasichana walianza kazi wakiwa na umri wa wajukuu zake, akaendelea mbele. Hakulifanya tamasha, na hakulificha.

Jembe_Butu

Mimi sielewi jambo moja. Mnatembezwa na mtu wa nini? Ramani ipo kwenye simu, maelezo yapo kwenye simu, na ukienda peke yako unasimama unapotaka. Nilishawahi kujiunga na kundi mji mmoja huko huko Japani, jamaa ana bendera mkononi anakimbia, sisi thelathini nyuma yake kama tumeiba. Tukaishia kwenye duka la zawadi ambalo bila shaka ana chake pale.

Mpita_Vichochoro

Jembe, makundi ya bendera hata mimi siyataki. Mimi nazungumzia kitu kingine. Kanazawa kuna wazee wa kujitolea wanaoitwa Maido-san. Wanakaa kwenye nyumba za mapumziko za Higashi na Nagamachi, unawakuta pale pale, na hawatozi kitu. Wengi ni wastaafu waliosomea historia ya mji wao. Kama unataka uhakika wa Kiingereza, kuna mtandao wa Goodwill Guide, nao ni wa kujitolea. Unaandika mapema, wiki mbili kabla ni heshima, kisha siku yenyewe unamlipia kiingilio, nauli na chakula cha mchana mkila pamoja. Hapana duka la zawadi mwishoni. Na mkiwa watu watatu au wanne mnakwenda kwa mwendo wenu.

Mfano wa kitu ambacho simu haikuambii. Nagamachi, mtaa wa samurai, pembezoni mwa njia chini kabisa ya ukuta, kuna mawe makubwa yametokeza. Nilikuwa nayapita najua ni mawe. Bibi akaniuliza: wakati wa theluji unavaa viatu vya mbao vyenye meno mawili, theluji inajikusanya katikati ya meno mpaka unatembea umeinuka kama mlevi, unafanyaje? Unagonga kiatu kwenye jiwe. Ndiyo kazi ya lile jiwe, na jina lake wanalo. Simu ingenionyesha ukuta tu.

Jembe_Butu

Hilo la mawe nimekubali. La bendera sijasamehe.

Mpita_Vichochoro

Basi tuingie Nagamachi vizuri.

Iko chini ya ngome, nyuma ya Korinbo ambapo leo kuna maduka makubwa na mabenki. Unakata kona moja tu kutoka barabara yenye magari na unajikuta kati ya kuta za udongo zenye vijipaa vya vigae juu. Waliokaa hapa ni samurai wa tabaka la kati na la juu. Njia hazinyooki. Unakwenda hatua kadhaa, unakutana na ukuta, unageuzwa kulia, tena kushoto. Ndivyo zilivyokusudiwa, adui akiingia asione mbele wala asikimbize farasi. Hata leo dereva wa gari la mizigo akiingia mle unamhurumia.

Pembeni mwa njia unapita mfereji wa Onosho, maji safi yanakimbia. Mji huu una mifereji karibu kila mahali, na mashuhuri zaidi ni Tatsumi. Mwaka 1631 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji pamoja na ngome. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja kutoka Komatsu aitwaye Itaya alipewa kazi ya kuleta maji kutoka juu ya mto Saigawa. Akachimba mfereji wa kilomita kama kumi na moja, sehemu yake ndani ya mwamba, na mwishoni maji yakashuka bondeni na kupanda tena hadi ngomeni kwa mgandamizo wake yenyewe ndani ya mabomba. Hakuna pampu. Maji hayo ndiyo hadi leo yanayolisha bustani ya Kenrokuen, moja ya bustani tatu zinazosifiwa kupita zote Japani, na chemchemi ya kuruka iliyomo bustanini inaendeshwa na tofauti ya kimo tu. Watalii wanaipiga picha kwa uzuri. Ilianza kwa hofu ya moto na ya kuzingirwa.

Desemba kuta za udongo zinafunikwa mikeka ya majani ya mpunga, kila ukuta umejifunika kama mzee aliyeshikwa na baridi. Theluji ya huku ni nzito na ina maji. Ikigandamana na udongo usiku ikaganda, asubuhi inabandua ukuta. Ile mikeka inaondolewa theluji ikiisha. Na Kenrokuen kuanzia tarehe 1 Novemba mafundi wanasimamisha nguzo katikati ya misonobari na kushusha kamba hadi kwenye kila tawi, matawi yasivunjike. Mti mmoja tu, msonobari wa Karasaki, unabeba kamba kama 800.

Pale Nagamachi ingieni nyumba ya Nomura. Familia hiyo ilikaa kwenye kiwanja kile vizazi na vizazi. Samurai walipopoteza mishahara yao baada ya mabadiliko ya Meiji, yaani utawala wa shogun ulipoangushwa mwaka 1868, wengi waliuza, bustani zikalimwa mboga. Nyumba mnayoiona leo sehemu yake ilitoka kwa tajiri wa meli, ikahamishiwa pale. Huu ndio mwisho wa samurai kwa kifupi: ukuta wa nje ni wa mtu wa upanga, sebule ni ya mtu wa biashara. Bustani ni ndogo, lakini kaeni barazani msitazame saa. Maji ya mfereji wa Onosho yanapita mle ndani.

Mjukuu_wa_Mkunazini

Ahsante sheikh. Mie nauliza la kwetu. Sisi Mji Mkongwe tumo katika orodha ya UNESCO tokea mwaka 2000, na bado kila masika tunasikia nyumba imeporomoka. Wenzetu hawa nyumba ni za mbao, mvua na theluji juu yake, wanazidumisha vipi? Nani analipa?

Shangazi_Osaka

Baba, hawakungoja orodha ya dunia. Kanazawa ilitunga sheria ndogo yake ya kulinda mandhari ya kale mwaka 1968, wakati miji mingine inabomoa kwa fujo, na ilikuwa ya mwanzo kabisa nchini. Sheria ya taifa kuhusu mitaa yenye makundi ya majengo ya kale ilikuja 1975. Mtaa ukishaingizwa humo, mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha uso wa nyumba bila kibali, lakini akitengeneza kwa namna inayokubalika serikali kuu na mji wanachangia gharama. Ndani anaachiwa nafasi zaidi, jiko la kisasa, choo, vipasha joto. Higashi iliingia 2001, Kazuemachi 2008. Nagamachi haimo kwenye orodha hiyo ya taifa, inalindwa na sheria za mji wenyewe.

Na mafundi. Hilo ndilo kubwa. Mji una shule ya mafundi waliokwisha kuiva, inawafundisha ufundi wa kale: useremala, udongo, vigae, mawe, mikeka ya sakafuni iitwayo tatami. Fedha bila fundi haisimamishi nyumba.

Kasoro ipo pia, nisije nikawadanganya. Nyumba inabaki lakini aliyekuwa akiishi ndani anaondoka, inakuwa mkahawa. Higashi saa nne asubuhi ni watalii watupu. Wameweka vibao kuomba watu wasile huku wanatembea na wasiingilie milango ya watu.

Mjukuu_wa_Mkunazini

La mafundi nimelishika shangazi. Na la mikahawa ndilo letu vilevile.

Otieno_wa_Mitaa

Buda hii thread ni noma. Sasa ile temple ya ninja nimeona kwa TikTok iko hapo? Ama hiyo ni ya kudanganya watalii?

Mpita_Vichochoro

Ipo, bwana Otieno, na ninja hakuna. Jina lake Myoryuji, iko Teramachi, upande wa Saigawa karibu na Nishi Chaya. Ilijengwa pale mwaka 1643 kwa amri ya yule yule Toshitsune wa nywele. Sheria ya shogun ilikataza majengo zaidi ya ghorofa tatu. Ukiitazama kwa nje ina mbili. Ndani ni nne, zimepangwa katika matabaka saba, vyumba 23 na ngazi 29. Sanduku la sadaka mlangoni linaweza kugeuka shimo. Kuna ngazi ambayo mbele ya vidato vyake ni karatasi, mlinzi aliyejificha chini anaona kivuli cha miguu ya adui na kumchoma mkuki. Kuna kisima ambacho inasemwa kina njia ya chini kwa chini hadi ngomeni, na hilo la mwisho mimi siamini, mto uko katikati.

Mtaa mzima wa Teramachi ni mahekalu, na haukuwekwa pale kwa ajili ya sala peke yake. Paa kubwa, uwanja mpana, kuta: jeshi likija kutoka upande ule, mahekalu yanakuwa ngome ya kwanza.

Myoryuji lazima uweke nafasi kabla, na maelezo ni ya Kijapani, ila wageni wanapewa kijitabu. Kamera marufuku ndani, kwa hiyo hao wa TikTok walichokuonyesha ni nje tu. Watoto wadogo sana hawapokelewi.

Kaka_wa_Tabata

Na dhahabu? Picha zote za Kanazawa naona aiskrimu imefunikwa dhahabu.

Mpita_Vichochoro

Takriban asilimia 99 ya karatasi za dhahabu za Japani zinafuliwa mji huu. Wanaifua dhahabu mpaka unene wake unakuwa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukivuta pumzi karibu nayo inaruka. Hewa ya mji ina unyevu mwingi, na unyevu unaifanya isinase ovyo mikononi mwa fundi. Banda la Dhahabu la Kyoto lilipopakwa upya, dhahabu ilitoka huku.

Na hapo tena wasiwasi. Shogun alihodhi kazi hiyo, mikoa ikakatazwa kufua dhahabu. Mafundi wa Kanazawa wakaendelea kwa siri, wakisema wanatengeneza tu dhahabu iliyoharibika iliyonunuliwa Edo. Ruhusa rasmi walianza kuipata miaka ya 1860, utawala wa shogun ukiwa unakata roho.

Aiskrimu yenyewe haina ladha ya dhahabu kwa sababu dhahabu haina ladha. Unalipia picha. Ukitaka thamani, kuna karakana za Higashi ambapo unabandika mwenyewe karatasi ya dhahabu kwenye kisanduku au vijiti vya kulia. Hapo ndipo unajua mkono wako ni mzito kiasi gani.

Binti_Kisauni

Kaka, gharama na majira. Na lile tetemeko la Noto, mji haukuumia?

Mpita_Vichochoro

Tetemeko la tarehe 1 Januari 2024 lilikuwa la kipimo cha 7.6 na lilivunja rasi ya Noto, kaskazini ya pale. Wajima mtaa wa soko la asubuhi uliteketea kwa moto. Kanazawa iliumia kidogo kwa kulinganisha: sehemu za kuta za mawe za ngome ziliporomoka, na ukarabati wake ni kazi ya miaka. Mitaa tunayoizungumza ilisimama. Maduka mengi ya Kanazawa yanauza vyombo vya laka vya Wajima. Kama mfuko unaruhusu, nunueni hapo.

Kutoka Tokyo kwa Shinkansen, treni ya kasi, ni saa mbili na nusu hivi, yen 14,000 na ushei kwenda tu. Njia hiyo ilifika Kanazawa mwaka 2015, kabla yake ilikuwa safari ndefu, na hilo nalo limeulinda mji. Basi la usiku ni nafuu sana kama mgongo wako ni mzima. Viingilio vya nyumba za Shima na Nomura ni chini ya yen elfu moja kila moja.

Majira: hakuna mwezi usio na mvua. Wenyeji wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako usisahau mwamvuli. Mimi napenda mwanzo wa Desemba, mikeka imeshafungwa kutani, kamba ziko mitini, watalii wamepungua. Kuna radi za ajabu miezi hiyo, wavuvi wanasema zinawaamsha samaki aina ya buri.

Binti_Kisauni

Nakuja na mama, ana miaka 68 na magoti yake hayapendi ngazi. Na chakula? Sisi ni Waislamu.

Shangazi_Osaka

Chakula ni samaki, mji una samaki wazuri kuliko wengi. Bakuli la wali na samaki pale Omicho linatosha, lakini uliza mchuzi wa soya na siki, mara nyingi huongezwa mvinyo wa kupikia. Supu ya jibuni ya kwao ni ya bata, hiyo iacheni. Beba karatasi iliyoandikwa Kijapani vitu usivyokula. Wanaisoma kwa makini na wakiwa hawana uhakika watakwambia hapana, usikasirike.

Mpita_Vichochoro

Mama asipande Kuragari-zaka wala asiingie Myoryuji. Mshusheni Kazuemachi kwa upande wa daraja, pale ni tambarare, kisha Higashi, nayo mtaa mkuu ni tambarare ukiwaachia wengine kupanda hekaluni. Pumzikeni. Mchana pandeni basi la mzunguko mpaka Korinbo, na kutoka pale Nagamachi ni hatua chache. Msijaribu yote kwa miguu siku moja. Mwambieni Maido-san mapema kwamba mna mzee, watapunguza mwendo na watajua viti viko wapi.

Ngazi za ndani Shima ni kali, mama abaki chini, jiko la zamani na kisima viko huko huko chini. Na viatu mtavua na kuvaa kila nyumba mnayoingia, kwa hiyo acheni vya kamba. Mama avae vya kuchomoa, na nyote mkague soksi kabla ya kutoka hotelini.

Kaka_wa_Tabata

Hili la soksi limenigusa binafsi. Naenda kununua mpya.